Kwa Nini Bibi Hakuniita Kilimia

Mwanangu alinipigia simu kutoka hospitali, sauti imekauka kwa kukosa usingizi, akasema, "Mama, ni msichana. Tumempa jina lako." Nilikuwa dukani kwangu Kiboriloni nakata kitenge cha mteja, na mkasi ukasimama katikati ya kitambaa. Sikusema asante. Nilisema, "Hebu subirini kwanza," nikamaliza kukata, nikamfungia mteja mzigo wake, halafu nikakaa kwenye kigoda.

Kwetu mlimani hilo si jambo la kushangaza. Binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, wa pili huchukua la mama yake mama, na mambo yanaendelea hivyo bila kikao. Ila jina langu ni Kilimia. Kufika jioni kundi letu la ukoo kwenye simu lilikuwa limechafuka. Shangazi mmoja aliandika kwamba mtoto atachekwa shuleni. Kijana mmoja wa Dar akasema jina ni kali, liachwe hivyo hivyo. Mwingine akashauri tumwite Emilia, jina lifanane na ya watu. Mdogo wangu Manka, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, akawajibu wote kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima, nami nikazima simu.

Nina maoni yangu juu ya majina, na kwa umri huu sioni haya kuyasema. Zuhura ni nyota, na hakuna aliyewahi kumcheka Zuhura. Subira ni neno tu, kama vile meza ni neno. Nilisoma na msichana aliyeitwa Tabora kwa sababu baba yake alipelekwa kazini huko akarudi na mke, na baada ya wiki mbili darasani hakuna aliyefikiria mji tena, tulimfikiria yeye na alivyokuwa anatushinda kuruka kamba. Jina la ajabu ni lile ambalo bado hujamzoea mwenye nalo. Hayo nayasema leo. Nilipokuwa mtoto nililichukia langu kama kaptura ya kurithi.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Kiboriloni, vyumba viwili nyuma ya soko. Baba alikuwa fundi wa magari, mtu wa Kibosho, Mkatoliki wa kuzaliwa. Mama alizaliwa mjini. Watu wake walikuwa Waislamu waliokuja Moshi zamani kutoka upande wa Tanga, naye alibatizwa alipoolewa. Padri hakulikubali jina Kilimia, kwa hiyo kanisani nikawa Emiliana, na mwalimu wa darasa la kwanza akaamua kwamba Kilimia ni hilo la kanisani ambalo nyumbani tunashindwa kulitamka. "Sema vizuri, mtoto. E-mi-lia." Siku za shamba la shule wenzangu waliniletea jembe wakasema hii kazi ni ya ukoo wako. Nilimwuliza Mama jina hili maana yake nini. "Ni nyota," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Basi jioni nikawa natoka uani kutafuta nyota moja iliyokaa kama mimi, na kila niliyoichagua, kesho yake sikuijua tena.

Hayo ningeyavumilia. Kilichoniuma ni Bibi.

Bibi Manka, mama yake Baba, alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye mikono iliyonuka maziwa na majani ya mgomba. Kila mtoto wake wa kiume isipokuwa Baba alikuwa na Manka nyumbani kwake, ndiyo desturi. Binti wa baba mdogo, rika langu, alikuwa Manka, na Bibi hakumwita kwa jina bali alimwita mama, kwa sababu mwenye jina lako ni kama mzazi wako aliyerudi. Tukipanda Kibosho sikukuu, Bibi alikuwa anatoka mlangoni anafuta mikono kwenye kanga. Kwa yule alisema, "Mama yangu amekuja," na kumpa kikombe cha kwanza cha maziwa. Mimi nikisema shikamoo, alijibu marahaba, akanishika kichwa kwa upole kabisa, halafu akawaambia waliokuwa jikoni, "Mgeni amefika." Miaka yote ilikuwa hivyo. Hakuwahi kutamka Kilimia hata mara moja, hata alipokuwa ananituma chumvi. "Mgeni, niletee chumvi." Mgeni gani anatumwa chumvi?

Mwaka ninaousema, Mama alijifungua mtoto wa kike Desemba ikianza, na Baba akatupandisha sote Kibosho ili mama mkwe amlee mzazi. Nyinyi wa rika langu mnakumbuka ilivyokuwa. Mama alilala kwenye chumba cha ndani, hagusi ufagio wala sufuria, analetewa mtori wa ndizi asubuhi, maziwa mchana, nyama laini jioni, mpaka mashavu yakamjaa. Nyumba nzima ilinuka mtori na moshi wa kuni mbichi. Asubuhi ukungu ulikaa kwenye kihamba, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, migomba ikidondosha maji juu ya mibuni, na mfereji uliokuwa unapita nyuma ya zizi ulisikika kama mtu anayesimulia jambo refu. Bibi alikatakata vigogo vya migomba kwa ajili ya ng'ombe huku anaimba kwa pua. Hakuonekana hata kidogo kama mtu aliyemchukia mkwewe.

Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu zangu. Nilikaa kwenye gogo nikajiambia hivi. Binti wa kwanza anaitwa Manka. Binti wa kwanza wa Baba ni mimi. Mimi siitwi Manka. Kwa hiyo, ama mimi si wa kwanza, ama mimi si wa Baba. Wa kunitangulia sijawahi kumwona. Nikabaki na hilo la pili. Baba alipopanda Jumamosi kuja kutuona, nilimkalia pembeni nikachunguza masikio yake, kisha nikashika yangu, nikaona kweli hayafanani. Aliniuliza kama sikio linaniuma. Nikasema hapana, nikaenda nje kuosha vyombo, na machozi yakawa yanadondokea kwenye sufuria.

Hapo ndipo nilipowasikia. Walikuwa jikoni, Baba na Bibi, wanazungumza Kichagga, na Bibi siku zote aliamini mtoto wa mjini hajui Kichagga. Baba alisema, "Mama, huyu mdogo apewe jina lako."

Kuni zilipasuka motoni. Bibi akasema, "Jina langu kwenye nyumba yako, hapana. Nilishasema."

"Miaka yote hii, bado?"

"Bado."

Baba alitoka akapita karibu yangu akaniambia nisugue vizuri, sauti yake ya kawaida, na jioni akashuka mjini. Nikaelewa kila kitu, au ndivyo nilivyodhani. Mama alikuwa amemkosea Bibi kosa kubwa, labda hata kabla sijazaliwa, na adhabu yake ilikuwa nyumba yetu kunyimwa jina. Mimi nilikuwa nimeshaadhibiwa. Sasa alikuwa anaadhibiwa mtoto ambaye hata macho hajayafungua sawasawa, na akishakua, naye ataitwa mgeni kwenye kihamba cha baba yake.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeona jambo. Jirani mmoja aliyegombana na Bibi juu ya mpaka, mtu ambaye Bibi aliapa hatamsemesha mpaka kaburini, alikuja asubuhi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Alilishika kwa mikono miwili, na Bibi alimtazama, akavuta pumzi, akalipokea. Kabla ya mchana walikuwa wanakunywa mbege kwenye kata moja. Nilimwuliza binamu yangu Manka imekuwaje. Akanitazama kama anamtazama mtu asiyejua jua linachomoza wapi. "Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe," akasema. "Ukikataa, ubaya unakugeukia wewe."

Kwa hiyo dawa niliijua. Isale ilikuwa imejaa pale, ndiyo iliyopandwa mpakani kote, lakini hiyo ya mpakani ilikuwa na vumbi na mbuzi walikuwa wameitafuna. Nyuma ya nyumba, kwenye mibuni ya zamani, kulikuwa na mti mmoja wa isale uliosimama peke yake. Majani yake yalikuwa mapana, yanang'aa, na chini yake palifagiliwa kila siku. Nikaona kwamba ombi zito kama langu linataka jani zuri. Nikalichuma lililokuwa zuri kuliko yote, nikalifunga fundo kama nilivyoona, fundo likakataa, nikalifunga tena.

Bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, maziwa yako motoni. Nilipiga magoti mlangoni, nikasema shikamoo ingawa asubuhi nilishamwamkia, nikanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Nimekuja kumwombea Mama," nikasema, kwa Kichagga, na kilikuwa kibovu sana.

Kisu kilisimama. "Mama yako amefanya nini?"

"Mimi sijui. Wewe unajua. Msamehe, Bibi. Umpe mtoto jina lako. Mimi nisipolipata si kitu."

Haikuwa kweli kwamba si kitu. Nilikuwa nalitaka jina lile kuliko nguo za Krismasi. Ila nilikuwa nimeona kwamba mwombaji hujipunguza, na nikajipunguza.

Bibi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa analitazama jani. "Umelichuma wapi?"

"Kule nyuma. Kwenye ule wa peke yake."

Alikiweka kisu chini. Maziwa yalianza kupanda kwenye sufuria, yakapanda, yakamwagika motoni na kunuka kuungua, na Bibi, ambaye sijawahi kumwona akipoteza tone, hakugeuka. Nilidhani nitapigwa. Badala yake alilipokea lile jani kwa mikono miwili, akainuka kwa kushika ukuta, akanishika mkono, tukatoka nje mpaka kwenye ule mti.

"Hapa amelala Manka," akasema.

Nikamwambia Manka nimemwacha mferejini anachota maji.

"Si huyo. Manka wa baba yako. Dada yako wa kwanza."

Nilisimama pale nikiitazama ile ardhi iliyofagiliwa. Palikuwa padogo sana. Bibi alikaa chini, miguu ameinyoosha kama msichana, akanivuta nikakaa naye, na akanisimulia bila haraka, Kiswahili na Kichagga vikipokezana. Alizaliwa mtoto mnene, akapewa jina lake. Bibi alimwita mama asubuhi na jioni, alimbeba mgongoni akimkatia ng'ombe majani, alimtembeza kwa majirani wote kuwaonyesha. Kisha masika ikaja, baridi ikaingia, kifua kikambana. Hakuwa hata na jino.

"Nilimwita sana," Bibi akasema. "Nilimwita mno. Kila mtu alijua ni wa kwangu."

Kisha nikazaliwa mimi. Bibi alimwambia Baba kwamba jina lake lisitolewe tena kwenye nyumba ile, maana mwenye kusikiliza, mauti yenyewe, alishalijua. Mama ndiye aliyelala kitandani akasema kwao kuna nyota zinazopotea masika, watu huzitafuta jioni wasizione, na masika ikiisha zinarudi upande wa pili wa anga. Akaomba mimi niitwe hivyo.

"Nikamwambia ni jina zuri. Ila mimi sitalitamka," Bibi akasema. "Nitamwita mgeni. Anayepita akisikia mgeni, atajua huyu si wa hapa, ataendelea na safari yake."

Nikamwuliza kama aliwahi kukasirika na Mama. Alicheka kidogo kwa pua. "Mama yako? Mama yako ndiye aliyenifundisha kulala tena."

Nitasema nilivyojisikia, kwa sababu sijawahi kusahau. Nilifurahi. Hesabu yangu haikuwa mbovu, mimi sikuwa wa kwanza, basi. Kwa hiyo nilikuwa wa Baba, masikio na yote, na nilikuwa wa kihamba kile tangu siku ya kwanza. Halafu nikakumbuka nimekaa wapi, nikaona aibu kufurahi karibu na dada yangu. Nikaanza kulia. Nikamwambia Bibi sikujua ule mti ni wa nani, na kwamba naweza kulirudisha jani.

"Halirudi," akasema. Aliligeuza mkononi, akalifunga upya lile fundo langu lililolegea. "Isale ikishaletwa imeletwa. Tena umeileta kutoka kwake."

Jioni ile Bibi aliingia kwa Mama na bakuli la mtori, akasimama badala ya kukaa, akasema, "Mtoto ataitwa Manka." Nilikuwa mlangoni nikaona. Mama alishika bakuli akashindwa kula, machozi yalitoka bila sauti, na Bibi akachukua kijiko akaanza kumlisha kama mtoto. Giza lilipoingia Bibi aliniita uani kwa ishara ya kichwa, akanionyesha juu ya mlima, kidogo upande wa jua linakotoka. Nikamwuliza ni ipi. "Si moja," akasema. "Ndiyo maana hukuipata. Ni hizo zote zilizosongamana kama vifaranga." Nilitazama mpaka shingo ikauma. Zilikuwa hafifu, ukizikodolea macho zinapungua, ukitazama pembeni kidogo zinaongezeka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye mibuni, ukungu bado uko chini. Nikasikia mlango wa jikoni. Nikasikia Bibi anakohoa, kama mtu anayetaka kubeba mzigo mzito. Halafu ikaja sauti yake, ndogo, yenye kutetemeka.

"Kilimia. Njoo unywe maziwa."

Nilisikia vizuri kabisa. Nilijibanza nyuma ya mbuni nikanyamaza. Nilitaka aite tena. Akaita tena, na safari hii aliita kwa nguvu, hata ng'ombe akainua kichwa na watu wa ng'ambo ya mfereji bila shaka wakajua ni nani anayeitwa. Ndipo nikatoka, nikakimbia, nikapewa kikombe cha kwanza.

Bibi amelala pale nyuma sasa, karibu na yule mtoto wake, na isale ni mbili. Manka wetu aliishi, kama mlivyomsikia kwenye simu. Nami nimekuwa bibi. Siku ya tatu nilibeba chupa ya mtori nikaenda Shirimatunda, nyumbani kwa mwanangu. Mkwe wangu alikuwa amekaa kitandani, msichana mpole wa Singida, bado uso umechoka. Alinipa mtoto. Alikuwa mwepesi, mwenye paji la uso la Baba, na masikio, nikacheka mwenyewe, masikio yangu. Nikafungua mdomo kumsalimu.

"Karibu, mgeni wangu," nikasema.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe, na nikajua palepale limetoka wapi. Lile jina lilikuwa kooni, na koo lilikataa, kwa sababu nilimpenda tayari na nje masika ilikuwa inanyesha. Nikamwita hivyo tena wakati wa kumfunga nguo, na tena nilipomrudisha kunyonya. Mkwe alikuwa anasikiliza.

"Mama," akasema, ameinamisha kichwa, "kama hulipendi tunaweza kubadilisha. Nimeona waliyoandika. Mimi ndiye niliyesema apewe jina lako. Nilidhani utafurahi."

Nikaona mtoto mwingine amekaa kwenye gogo anapiga hesabu zake vibaya, na safari hii mwenye kosa la kunyamaza ningekuwa mimi. Nikasogeza kiti. Nikamsimulia haya yote, tangu jembe la shuleni mpaka maziwa yaliyomwagika. Mtoto alishiba akalala na sisi bado tuko Kibosho. Nilipomaliza alimfuta mtoto kidevu.

"Kwa hiyo na wewe unaogopa," akasema.

"Naogopa sana, mwanangu."

Hakunibembeleza. Alinipa mtoto tu, akangoja. Nikainuka. Nikamwambia afungue dirisha, na mlango pia, uwe wazi kabisa. Mvua ilikuwa imepungua. Nilisimama kizingitini, nikakohoa, nikaita jina langu kwa sauti ndogo, halafu nikaliita tena kwa nguvu, kwa sauti ya mtu anayeita mtoto wake kutoka mwisho wa shamba.

Jirani aliyekuwa anaanua nguo akachungulia juu ya ukuta, akauliza ni mgeni gani amefika.

"Si mgeni," nikamwambia. "Ni wa hapa hapa."